Bwana Stoo na Bunduki Asiyoishika

Kwa haki kabisa, Bwana Stoo hakuwahi kusema kwamba aliishika ile bunduki. Naanza na hili kwa sababu wako watu hapa mtaani Darsait wanaosema alitudanganya, na mimi niliyekaa naye mlango kwa mlango miaka yote hii sitaki kutia langu. Jeshini alikuwako, hilo kweli. Lakini alikuwa stoo ya mablanketi. Mablanketi, magodoro, viatu, na soksi za baridi ambazo, kwa maneno yake mwenyewe, hapa Maskati hakuna aliyewahi kuja kuziomba. Sisi ndio tuliosikia "jeshi", tukasikia "stoo", tukajaza wenyewe vilivyokuwemo ndani. Hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa angejibu.

Mimi si mtu wa kuandika sana. Nilisoma nikaishia darasa la sita, kisha nikashika sindano. Kazi yangu ni kudarizi kofia, zile za vitobo. Kwa hiyo nikikosea jambo la bunduki, kosa ni langu, yeye alilieleza vizuri. Au labda alilieleza vibaya na mimi nikalishika vizuri. Sijui. Naandika tu kwa sababu bunduki hiyo, iliyoko huko kwao Urusi na wala haijui kama sisi tuko duniani, nusura imkoseshe mume Muna, binti wa Bwana Stoo, na mimi nilikuwapo jikoni nikaona.

Bunduki yenyewe ni AK-12. AK ya zamani kila mtu anaijua, hata asiyeijua. Kila vita vya kwenye taarifa ya habari imo. Hii ni ya sasa, mjukuu wake. Bwana Stoo alianza kuipenda alipostaafu, mwanawe alipomnunulia simu ya kisasa. Akawa anatazama video za Warusi, kwa Kirusi, sauti juu kabisa, na Kirusi hajui hata salamu. Mkewe, Mama Muna, akisema, "Nyumba hii sasa ina Warusi wengi kuliko majini."

Kila alasiri baada ya sala alikuwa anakaa na wenziwe kwenye viti vya plastiki nje ya duka la dobi, chini ya dirisha langu. Sikuwa nasikiliza kwa kusudi. Lakini kofia moja nachukua nayo miezi, na dirisha lazima liwe wazi nipate mwanga, basi maneno yakipanda yenyewe.

"Huyu AK-12," anasema, "ndiye mtoto mkubwa. Anakula risasi ndogo, nyembamba. AK-15 ni pacha wake. Sura moja, urefu mmoja, ukiwapanga huwajui. Lakini yule anakula risasi nene, za babu yake."

"Kwa hiyo mnene?" anauliza dobi, ambaye ni Mhindi wa Malabari na Kiswahili alijifunza kwetu sisi.

"Si mnene! Nshasema sura moja! Chakula ndicho mbali. Halafu wako wenye K mwishoni, hao mtutu mfupi, wa kuingilia kwenye magari. Halafu AK-19. Huyo ndiye aliyeolewa nje. Anakula risasi za wale wa upande wa pili."

"Na wazee wake wamekubali?"

"Biashara, bwana. Wakati wa biashara wazee hukubali."

Mimi na mwalimu wangu wa hesabu hatukuwahi kuelewana, lakini ukoo ule niliushika wote nikiwa juu dirishani. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakwambia nani anakula nini.

Siku moja alikuja kwangu kuchukua kofia yake, akaniona na sufuria jikoni, akasimama kama mtu aliyekumbuka jambo. "Mwanangu," akasema, "hebu weka kikombe juu ya kifuniko hicho." Nikaweka. "Sasa tikisa sufuria." Nikatikisa. Kikombe kikaanguka, kikavunjika.

"Umeona?" akasema, na uso wake umejaa furaha. "Hiyo ndiyo AK ya zamani! Juu ina kifuniko cha bati, kinachezacheza. Utafungaje darubini juu ya kitu kinachocheza? Leo umelenga jicho, kesho unapiga sikio. Sasa hii mpya kifuniko kimekaa, hakitikisiki, na juu yake kuna reli toka mwanzo hadi mwisho, unafunga utakacho. Na pale pa kulengea wamepasogeza nyuma, karibu na jicho. Babu yake alikuwa napo mbele huko, kama mtu anayesoma gazeti la jirani."

Kikombe alikilipa. Aliniletea viwili. Nasema ili ijulikane.

Kutokana na kifuniko kile alipata msemo ambao aliutumia kwa kila kitu: "Usifunge darubini juu ya kifuniko kinachotikisika." Aliusema juu ya serikali za nchi nyingine, juu ya fundi wa kiyoyozi, juu ya mpishi wa harusi aliyekuja kuonja biriani mkono ukimtetemeka. Na aliusema, kwa bahati mbaya, juu ya wachumba. Mmoja alikuja kumposa Muna akawa anatikisa goti muda wote alipokaa. Mwingine alikuwa akizima na kuwasha simu. Wote wawili waliambiwa jibu litatumwa, na jibu halikutumwa. Muna ni mfamasia, ana akili zake na mshahara wake, na umri haukuwa ukimsubiri baba yake. Akanambia siku moja kwenye ngazi, "Dada, mimi nimekuwa darubini. Nangoja kifuniko." Alicheka, lakini si kicheko cha mtu mwenye raha.

Kuhusu reli hizo lazima niseme zaidi, maana hapo ndipo mtu alipoweza kuona kwamba jambo limeshamwingia damuni. Bwana Stoo aliamini kwamba dunia ilikosa reli. Alikwenda mtaa wa Ghala kwenye karakana ya aluminiamu, akakatiwa vipande vyenye mifereji, akavipigilia jikoni kwa Mama Muna ili miko na vijiko vining'inie kwa mpango. Mama Muna akaning'iniza taulo moja la mkono, hakuongeza kitu. Kisha akaigeukia bakora yake. Bakora nzuri, ya mti wa kweli, aliachiwa na baba yake. Akaifunga reli ubavuni. Juu ya reli tochi. Chini ya tochi kengele ya baiskeli. Mkono wa bakora akaukata, akautia bomba ndani ya bomba ili urefuke na kufupika, kwa sababu kitako cha AK-12 kinarefuka na kufupika kumfuata mwenye kukishika, akavaa koti la baridi au asivae. Maskati hakuna mwenye koti. Lakini alitaka iwe inawezekana.

Aliiita "toleo la kwanza". Toleo la kwanza liliwaka tochi lenyewe msikitini, watu wamo katika sijida, likamulika safu yote kutoka nyuma. Imamu alirefusha dua tu. Toleo la pili tochi ilikuwa na swichi madhubuti, lakini bomba lilikuwa likijifupisha akiliegemea, basi akitembea unaona mtu anaanza safari ni mrefu na anafika ni mfupi. Toleo la tatu lilikuwa zuri. Mimi mwenyewe nililisifu, na sisifu kwa kumfurahisha mtu.

Na pamoja na yote hayo, mtu huyu alikuwa anaogopa mlio wa bunduki kuliko mtoto wa paka. Tukialikwa harusi za huko bara ya Oman, kwenye milima, ambako wazee bado wana bunduki zao za kizamani na wakati wa razha, ngoma yao ya panga, huzipiga hewani, yeye alibaki ndani ya gari, vioo juu, pamba masikioni, redio ya Kurani. Nilimpelekea sahani ya wali huko huko garini. Nikamuuliza, si kwa kejeli, "Ami, wewe si ndiye mtu wa bunduki?" Akajibu, "Mimi ni mtu wa umbo, mwanangu. Mlio ni wa wengine." Mjusi nyumbani kwake hauliwi. Filamu za vita akizima. Aliniambia mara moja kwamba katika video zake zote hupenda zile ambazo mtu anakaa mezani, anafungua bunduki kimoja kimoja, anavipanga juu ya kitambaa, anavirudisha, na hakuna anayekufa. Nimelifikiria sana jawabu hilo, na sijui hadi leo kama nimlaumu au nimpende. Yaelekea yote mawili.

Msiba wake mkubwa ulikuwa wa risasi mbili mbili. AK-12 ilipotoka, ilikuwa na sehemu ya kupiga mbili kwa mpigo. Unabonyeza mara moja, zinatoka mbili, basi. Bwana Stoo aliisifu miaka. "Si moja, si tatu. Mbili ndiyo akili. Moja ni uchoyo, tatu ni israfu." Kisha Warusi, baada ya kuipeleka vitani wenyewe, wakatoa toleo jipya na mbili mbili wameiondoa. Aliliona kwenye simu, hapo hapo kwenye kiti cha plastiki. Alinyanyuka bila kuaga. Siku kadhaa hakushuka. Watu walikuja mlangoni kama wanaokuja kutoa pole, na dobi alimletea kanzu zake bure. Mimi nilimpelekea mkate wa ufuta.

Aliporudi alikaa, akakohoa, akasema, "Nimefikiri. Wana haki. Mbili mbili ilikuwa pambo. Nilikosea." Nataka hili likumbukwe, kwa sababu watasema hakuwa mtu wa kukubali kosa. Alikubali. Ila alikubali kwa kiwanda. Kwa mtu hakukubali.

Na mtu mwenyewe alikuwa mmoja. Nitamwita Fundi, kwa kuwa kazi yake jeshini ilikuwa hiyo: fundi wa silaha, wa kweli, wa kushika. Familia yake ilirudi Oman kutoka Bara, upande wa Tabora, na Kiswahili chake ni cha huko, kinyoofu, hakina mapambo. Anaishi Mawaleh. Walikutana mara ya kwanza kwenye tanzia, watu wamekaa kimya wamefiwa, na sijui nani alianza, lakini kabla kahawa haijazunguka mara ya pili Fundi alikuwa anasema, "Bwana wee, mpya wapi? Nimezifungua hizi kwa mikono yangu. Ndani ni ileile. Wameivalisha kanzu mpya." Na Bwana Stoo anasema, "Mtutu wake umekaa huru, hauguswi na kishikio cha mbele, hilo kanzu?" Na sauti zikapanda, mpaka mfiwa mwenyewe akaja kuwaomba radhi.

Sasa Muna naye, katika wanaume wote wa Maskati, akampenda mtoto wa Fundi.

Kijana hana ubaya. Ni mhandisi wa umeme, mpole, magoti yake yametulia. Muna alimwambia baba yake waziwazi, "Baba, huyu nimemkagua mwenyewe. Hatikisiki." Bwana Stoo alimwita, akakaa naye, akampa chai, akamtazama kwa muda mrefu, na alipoondoka akamwambia mkewe, "Kifuniko kimekaa." Mama Muna alinijia mbio kunihadithia, ametupa ushungi begani. Likabaki jambo la baba kwa baba. Wanaume watakuja kuposa, rasmi, na Fundi ndiye atakayesema.

Mama Muna akamwapisha mumewe. Nilikuwapo. Asitaje bunduki. Asitaje Urusi. Simu akaizima akaitia ndani ya chungu cha unga. Bwana Stoo aliapa, na namshuhudia mbele ya yeyote: kiapo chake hakukivunja. Asiyeapishwa ni Fundi. Na bakora, toleo la tatu, hakuna aliyekumbuka kuiondoa mlangoni.

Walikuja watatu: Fundi, ndugu yake, na mzee mmoja wa kwao mwenye ndevu nyeupe aliyekuja kwa ajili ya heshima. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, na kati ya jikoni na majlis, chumba cha wageni, pana pazia tu. Nikamsikia Fundi anavua viatu, kisha, "Hii nini?"

"Bakora," akasema Bwana Stoo.

"Ina reli."

"Ina reli."

"Kwa nini bakora ina reli?"

Mama Muna akanishika mkono. Bwana Stoo alikuwa anaweza kusema lolote. Akasema, "Karibuni ndani, karibuni," na mpaka hapo hana lawama.

Wakakaa. Halwa ikawekwa, bado imefunikwa. Nyumba ile haina mtoto wa kiume hapa mjini, yule aliyemnunulia simu yuko Salala, basi Bwana Stoo akamimina kahawa mwenyewe, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, amesimama, kama inavyotakiwa. Naye akajimiminia, akakaa. Na Fundi, badala ya kuingia kwenye lililomleta, akasema kwa wenzake, "Mnajua, mwenye nyumba hii anaamini Warusi wametengeneza bunduki mpya." Akacheka. Kwa haki yake, nadhani alitaka kuchangamsha baraza tu. Kuna watu wakiona wasiwasi hutania.

Penye upenyo wa pazia nikaona Bwana Stoo ananyoosha mgongo.

Fundi akaweka finjani yake chini, hajainywa. Akasema lile linalosemwa: "Tumekuja na haja, na kahawa yako hatuinywi mpaka utukidhie haja yetu." Wenzake nao wakaweka zao chini.

Asiyejua ada hii nitamweleza. Mgeni akiweka finjani chini namna ile, mwenye nyumba husema, "Kunyweni kahawa yenu, haja yenu imekidhiwa," na watu wakanywa, na halwa ikafunuliwa. Yote yameshazungumzwa kabla. Ni kama kugonga mlango uliokwisha funguliwa. Hakuna mtu niliyemsikia maishani aliyekwenda kinyume.

Bwana Stoo akaiweka finjani yake chini.

"Na mimi nna haja," akasema. "Na sinywi mpaka Fundi aseme kwa ulimi wake kwamba ile ni bunduki mpya."

Mama Muna alisema "Yallah" kwa sauti ndogo, akakaa juu ya gunia la mchele.

Ada inasema mgeni afanyiwe nini. Haisemi mwenye nyumba akiweka finjani yake naye inakuwaje. Yule mzee wa ndevu nyeupe, ambaye nadhani ameposa watu wa nusu ya Maskati, akatazama finjani nne sakafuni, akasema, "Hii sijaiona." Ndugu yake Fundi akasema labda aanze aliyetangulia kuweka. Mzee akasema labda aanze mwenye nyumba kwa ukarimu. Ndugu akasema mkarimu ndiye anayeweza kudai. Wakabishana kidogo wao wenyewe, kwa adabu.

"Siwezi kusema uongo mbele ya halwa," akasema Fundi. "Ndani ni ileile. Gesi inasukuma, kifungo kinazunguka, kama ya babu yake."

"Ndani ya kila mtu mna moyo," akasema Bwana Stoo. "Kwa hiyo watu wote ni wamoja?"

"Wewe umezishika ngapi?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akajibu papo hapo, sauti ile ile: "Hata moja. Nilikuwa stoo ya mablanketi."

Nadhani Fundi alitayarisha jibu la mtu atakayejisifu, na mtu hakujisifu.

Mimi pale nyuma ya pazia nilikuwa na kofia mkononi, na nitasema nililokuwa nafikiri, ingawa si mahali pangu. Nilifikiri wote wawili wana haki. Kofia ni ileile miaka yote, duara na utepe. Lakini mtu akibadilisha darizi, mteja halipi bei ya zamani, na wala hasemi ni kofia ileile. Nusura nitoe kichwa niseme. Mama Muna alinikanyaga mguu.

Muna alikuwa amesimama wima, mikono ameikunja. Mama yake akamwambia, "Mwite baba yako, mpigie kelele, mwambie nazimia." Muna akatikisa kichwa. "Akishindwa kwa kulazimishwa atakuwa ananitazama hivyo mpaka mwisho," akasema. Kisha akakaribia pazia, akalisogeza kidogo tu, pale ambapo baba yake peke yake angemwona, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ya kila siku:

"Baba, kahawa inapoa."

Bwana Stoo akamtazama. Nilikuwa nyuma ya bega la Muna, basi nami aliniona, lakini hakuniona. Akaitazama finjani yake. Mtu aliyeijua familia ile nzima ya bunduki, pacha na mfupi na aliyeolewa nje. Akaishika finjani kwa vidole viwili.

"Ni ileile," akasema.

"Vipi?" akauliza Fundi.

"Bunduki. Ni ileile. Wameivalisha kanzu. Kunyweni kahawa yenu, haja yenu imekidhiwa." Na akanywa.

Fundi hakucheka. Hilo nampa, na nitampa kila nikisimulia. Alikunywa macho yake yako chini, na finjani akaitikisa mapema kuonyesha imemtosha, na halwa alikula kijiko kimoja.

Harusi ilikuwa nzuri. Lakini nje ya duka la dobi paliharibika. Bwana Stoo alishuka kama kawaida, akakaa, na wakimchokoza, "Ehe, AK-12 kuna jipya?", anajibu, "Ni ileile." Basi. Alikwisha toa kauli juu ya kahawa, na kauli aliishika. Reli za bakora akazifungua, ikarudi bakora ya baba yake, imebaki na matundu ya skrubu na lile bomba la mkononi tu. Video hakutazama tena. Dobi akawa anamuuliza kwa huruma habari za AK-19, mtoto wa nje, kama amezaa. Mama Muna, aliyeomba miaka yote Warusi wahame, alinambia, "Nyumba imekuwa kama ina mgonjwa." Na akaanza kuning'iniza miko yake kwenye reli za jikoni, mmoja mmoja, bila kuambiwa. Sikujua kama mumewe anaiona.

Mara ya mwisho niliyomwona vizuri, ya kuandika, ni pale Muna alipojifungua na mimi nikapeleka kofia ndogo ya mtoto Mawaleh. Bwana Stoo alinichukua kwenye gari lake. Njia nzima alizungumzia bei ya nyanya.

Fundi alikuwapo, amekaa kwenye zulia, mtoto amelala ubavuni pake. Bwana Stoo akaegemeza bakora yake ukutani karibu nami, wakasalimiana kwa adabu kubwa, adabu ya kuchosha. Habari za afya, habari za nyumbani, habari za afya tena. Mhandisi akamimina kahawa akaenda kumtazama mkewe. Tukabaki sisi watatu na mtoto.

Fundi akashika finjani, akaizungusha. Akaangalia mlango. Kisha akaiweka chini, hajainywa.

"Nina haja," akasema.

Bwana Stoo akamtazama.

"Sinywi mpaka uifute ile kauli yako," akasema Fundi. "Jamani, mwaka mzima! Nakuja hapa, unakuja hapa, tunazungumza nyanya. Nikisema neno juu ya bunduki unaniambia ni ileile. Najua ni ileile! Nimesema mimi! Nani sasa atabishana nami? Mtoto huyu?" Akamwonyesha mjukuu, ambaye alikuwa anapiga miayo. "Sema ni mpya, bwana, nikujibu."

Bwana Stoo hakufanya haraka. Akanywa yake yote, akaitikisa finjani, akaiweka. Akaiweka vizuri kofia ile ndogo kichwani kwa mtoto, akaiinua kidogo mbele, akaitazama darizi yangu kama anayepima kitu.

"Kauli niliyotoa kwa ajili ya Muna siifuti," akasema. "Bunduki ni ileile."

Fundi akashusha mabega.

"Lakini kitako," akasema Bwana Stoo. "Kitako hukuniuliza."

Fundi akaiangalia finjani yake, kisha akamwangalia yeye. Mkono ukaanza kuisogelea kahawa polepole.

"Kitako kina nini?"

"Sogea," akasema Bwana Stoo, na akaninyooshea mkono. "Mwanangu, nipe hiyo bakora."